Mipini Mitatu ya Sabuni

Mama aliponipigia kunieleza kwamba kibali cha bastola kimetoka, nilikuwa soko la vitambaa la Zhongda, tepu ya kupimia shingoni, nimeshika ncha ya robota la pamba ambalo nilishalikataa mara mbili na nilikuwa najiandaa kulikataa mara ya tatu.

"Kimetoka," alisema. "Kazi iliyobaki ni yako."

"Kazi gani, mama?"

"Kuchagua. Wewe si ndiye fundi wa saizi?"

Mwenye duka, ambaye humu sokoni tunamwita laoban kama tunavyowaita mabosi wote, alinitazama nikiachia kitambaa chake. Alidhani nimeshindwa na bei. Akashusha kidogo. Sikumsikia vizuri.

Nina miaka ishirini na sita, na huu ni mwaka wangu wa nne Guangzhou. Nawanunulia nguo wafanyabiashara wa Kahama, Shinyanga na Tabora. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Kichina nilijifunza kwenye simu, nikirudia sentensi moja bafuni mpaka jirani agonge ukuta. Ukataji wa nguo nilijifunza kwa kufumua blauzi zangu nzuri, kulaza vipande sakafuni, kuvichora, kisha kuvishona tena. Blauzi tatu za kwanza hazikurudi kuwa blauzi. Aliyejifunza peke yake hubaki na ugonjwa wa kudhani kwamba kuna ukurasa mmoja ambao wenzake wote wamesoma na yeye hakuuona. Ndiyo maana mimi napima kila kitu mara tatu. Napima hata visivyo vyangu. Nimewahi kupima kiti cha mgahawa kwa viganja huku chakula kinapoa.

Mama ni mjane, ana duka la mashuka na vitenge Kahama, karibu na stendi. Miezi minane kabla ya simu ile, jioni moja akiwa anafunga, vijana wawili waliingia wakiwa na panga. Mmoja alimshika mama kifundo cha mkono, mwenzake akachukua simu na mauzo ya siku. Hawakumkata. Mama alisema kilichomuuma si vitu, ni jinsi yule kijana alivyomshika: kwa vidole viwili, kama mtu anayebeba kikombe cha chai. Baada ya hapo hakulala vizuri. Akaomba kibali. Kamati ya kata ilipomwita na kumuuliza bastola anaitakia nini, alijibu, "Naitakia usingizi." Wakacheka, kisha wakaendelea na maswali yao mengine mengi, polisi nao wakawa na ya kwao, vidole vikachovywa wino, na hatimaye karatasi ikatoka.

Hofu yangu haikuwa bastola. Hofu yangu ilikuwa mkono. Kibali ni cha silaha moja, na namba yake ikishaandikwa, imeandikwa. Mama angesafiri hadi Mwanza mara moja, kwenye duka la silaha, akachague mbele ya muuzaji asiyemjua. Nilimwona kichwani amesimama pale, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na tisa, akiona haya kusema hii ni kubwa, akipokea chochote anachopewa kama anavyopokea chenji. Halafu nilimwona tena dukani, kijana mwingine amemshika kwa vidole viwili, na bastola isiyomtosha ikimtoka mkononi kama samaki na kuingia mkono wa yule kijana. Picha hiyo nilikuwa nayo kwenye lifti, nilikuwa nayo nikipiga mswaki. Nikiikosea saizi ya blauzi, mteja atanitukana na yataisha. Nikiikosea hii, mama ndiye atakayeilipia.

Kwa hiyo nikaanza kusoma, katika mji ambao ukitembea na simu mkononi hakuna anayekugusa, na ambao bastola huioni ila kwenye kiuno cha polisi. Nilitazama video za watu wenye ndevu wakizungumza kwa upole kuhusu chuma. Nilijifunza kwamba mpini unapaswa kukaa juu kabisa kwenye lile bonde lililo kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Kwamba ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila mkono kujizungusha, kwa sababu mkono ukijizungusha, mtutu nao unatazama pembeni. Kwamba kidole cha mwisho kipate mahali pa kushika. Kwamba bastola ndogo sana si lazima iwe rahisi kwa mkono mdogo: wepesi wake huifanya iruke, na mpini wake mfupi huacha vidole vikining'inia. Kwamba kuna mipini minene kwa sababu risasi zimepangwa safu mbili, na kuna myembamba yenye safu moja. Nilitengeneza jedwali la bastola kumi na moja, nikazipa maksi. Nililipaka rangi. Naona aibu kuandika kwamba nililipaka rangi, lakini nililipaka, na kijani kilikuwa na madaraja manne.

Kilichokosekana ni mkono wenyewe. Nikamwambia mama alaze kiganja juu ya karatasi, achore kukizunguka, aweke rula pembeni, apige picha, anitumie. Alichora nyuma ya karatasi ya kalenda. Mchoro ulikuja safi, vidole vimetanuka kama jani la mpapai. Nikauhamisha kwenye karatasi yangu kwa vipimo vyake halisi na kuubandika ukutani, na jioni ile nilikula wali wangu nikiutazama. Niliweka kiganja changu juu yake. Tulilingana karibu kila mahali. Nikatabasamu peke yangu.

Huku sokoni, kabla kiwanda hakijashona nguo elfu mbili, hushona kwanza moja ya kujaribia. Hiyo ndiyo sampo. Kwa kweli hushonwa mbili zinazofanana: moja anakaa nayo mteja, nyingine inabaki kiwandani, ili siku ya ugomvi zote ziwekwe mezani. Nimeishi na desturi hii mpaka siwezi kuamini kitu kisichokuwa na sampo. Na nina kanuni yangu ya kwanza, ambayo wasichana wa kiwandani wananitania nayo: sampo ikifika, napima mikono yake yote miwili. Fundi aliyechoka hushona wa kulia kwa makini na wa kushoto anaukimbiza. Sijawahi kupitisha blauzi kwa kupima mkono mmoja.

Nikaona basi mama apate sampo. Ashike kitu chenye umbo la mpini nyumbani kwake, bila muuzaji, bila haya, kisha aniambie. Wazo langu la kwanza lilikuwa baya: bastola ya kuchezea ya mtoto. Nilienda kwenye soko la jumla la michezo ya watoto, nikamwonyesha muuzaji picha, nikamwambia nataka inayofanana kabisa na ya kweli, na uzito wake uwe vilevile. Muuzaji yule, mama mtu mzima, alikuwa akikoroga chai yake, akaacha kukoroga. "Meiyou," alisema. Hakuna. Akarudia bila kunitazama, "Meiyou, meiyou," akavuta pazia la plastiki mbele ya bidhaa zake, ambazo zilikuwa sungura na matreni.

Sikuelewa mpaka nilipopanda Tianxiu Dasha, ghorofa la ofisi ambamo nusu ya mizigo ya Waafrika hapa mjini hupita. Huko yuko mama mmoja wa Lubumbashi anayenisafirishia mizigo tangu mwaka wangu wa kwanza. Ana miwani inayoning'inia kwenye mnyororo, ana rozari kwenye droo ya risiti, na anaita kila mtu mtoto wake, hata wanaomzidi umri. Nilimweleza. Alivua miwani.

"Mutoto yangu. Unataka kutuma bunduki mu kontena yangu?"

"Si bunduki, mama. Ya plastiki. Ya kuchezea."

"Inafanana na ya kweli?"

"Ndiyo, hilo ndilo ninalolitaka."

"Eh, Seigneur!" Aligeukia ukuta kana kwamba kuna watu wa kushuhudia. "Hapa hata ya plastiki, kama inafanana na ya kweli, ni matata na polisi. Na kule kwenu doane watafungua boksi, watasema nini? Ni bonbon? Unataka batuweke mu buloko, mimi na wewe, pamoja na nguo za watu?"

Doane ni watu wa forodha, na buloko ni jela. Nililijua neno hilo kwa sababu hulitumia kila anapozungumzia wapinzani wake wa biashara. Nikakaa kwenye boksi la viatu. Nilitaka kulia, na nadhani aliona, maana alinisukumia karanga.

"Kwani mama yako anahitaji nini? Bunduki mzima?"

"Mpini tu. Pa kushika."

"Basi tuma pa kushika. Kwa nini unatuma na shida yote?"

Nimelifikiria sana jibu lile. Wiki tatu za kusoma, jedwali la rangi, na ilihitajika mtu mwenye karanga mdomoni kuniambia kwamba kipimo hakihitaji kuwa kitu chenyewe. Nilipokuwa nashuka kwenye mtaa wa Dengfeng, kati ya vibanda vya simu na wabadilisha fedha, nilipita kwenye duka linalouza vitu vya nyumbani, nikaona sabuni za kufulia, miche mirefu ya rangi ya njano iliyopauka. Nikabonyeza moja kwa ukucha. Iliingia.

Nilinunua miche minane, nikaharibu miwili. Nilichonga mezani kwangu kwa kisu cha kukatia karatasi za patani, zile za kuchorea ukataji wa nguo, Jumamosi mchana kutwa, nikipima kila baada ya vipande vichache. Nilichonga mipini mitatu: mwembamba mfupi, mwembamba mrefu, na mnene. Kwenye kila mmoja nilichomeka kijiti cha meno mbele, mahali ambapo triga ingekuwa, kwa umbali niliousoma kwenye vipimo vya bastola za kweli. Nikaandika namba kwa sindano: 1, 2, 3. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikachonga mingine mitatu inayofanana nayo, ibaki kwangu. Chumba kizima kilinukia dobi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata kwa zaidi ya miezi minane.

Jumatatu niliweka ile ya mama kwenye begi na kwenda nayo kituo cha metro. Hapa kila begi hupita kwenye mashine ya kuonyesha vilivyomo ndani. Nimepita pale kila siku kwa miaka minne, na begi langu lilipokuwa linaingia kwenye lile pazia la mpira ndipo nilipofikiria kwa mara ya kwanza jinsi mipini mitatu ya bastola inavyoonekana kwenye kioo. Mlinzi, kijana mwenye chunusi kidevuni, alisimamisha mkanda. Akautazama uso wangu, akatazama kioo, akaniashiria nifungue.

Akatoa namba 3. Akauzungusha.

"Hiki ni nini?" aliuliza kwa Kichina.

"Feizao," nilisema. Sabuni. "Ya kufulia nguo."

Aliinusa. Akampa mwenzake, msichana, naye akainusa.

"Kwa nini ina umbo hili?"

Nilikuwa na Kichina cha vitambaa, cha bei, cha vifungo na zipu. Sikuwa na Kichina cha kueleza mama, kibali, vijana wawili na panga. Nikasema kilichokuwa kweli na kifupi: "Mama yangu mkono wake ni mdogo. Apate kushika vizuri."

Msichana alikunja vidole kwenye ule mpini, akasugua hewani kama anayefua kola. "Inashikika kweli," alimwambia mwenzake. Akaniuliza inauzwa wapi. Nikarudisha namba 3 kwenye begi, nikawaacha wakicheka, nikapanda treni.

Mama wa Lubumbashi naye alitaka kuona kabla ya kufunga. Alikagua moja moja, akazilamba kwa macho. Kwenye karatasi ya mzigo aliandika neno moja kwa herufi kubwa: SABUNI. "Ni kweli tupu," alisema. "Hata mbele ya padri nitaisema." Akavitoa vijiti vya meno, akavifunga pembeni kwenye bahasha.

Mzigo wa ndege ulimfikia mama baada ya siku kumi na mbili. Alinipigia simu ya video mchana wake, akiwa ameketi nyuma ya kaunta ya duka, mipini imepangwa juu ya kitenge, vijiti ameshavirudisha kwenye matundu yake.

"Umechonga mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Haya. Wewe hata ugali ungeweza kuupima kwa rula."

"Mama, shika namba 1."

Jedwali langu lilikuwa limeichagua namba 1: bastola ndogo kuliko zote, yenye mpini mwembamba mfupi. Mama aliishika. Kidole cha mwisho kilibaki nje, hilo nililitarajia kidogo. Lakini kidole cha shahada hakikufika kwenye kijiti. Kilisimama njiani, kimepinda, kama mtu aliyesahau anakokwenda.

"Nyoosha kidole, mama."

"Nimekinyoosha."

"Nyoosha kabisa."

"Mwanangu, hapa ndipo mwisho wake."

Akakisogeza kidole kwenye kamera. Kiungo cha katikati kilikuwa kinene, na juu yake kovu jeupe lililopita mshazari. Kwenye mchoro uliokuwa ukutani kwangu hakukuwa na kidole kama kile.

"Mama, ulichora mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Kwa nini wa kushoto?"

"Wa kulia si ndio ulioshika kalamu?" Akacheka mpaka mteja aliyekuwa akichagua shuka akageuka. "Au ulitaka nishike kalamu kwa meno?"

Mimi ambaye sijawahi kupitisha blauzi kwa kupima mkono mmoja. Nilichanganua karatasi ile kwa wiki nne na sikuuliza swali ambalo ningemuuliza fundi yeyote wa kiwandani. Lakini si hilo lililonifanya nizime kamera nikasingizia mtandao.

Kidole kile nilikifahamu. Nilikuwa kidato cha pili. Mlango wa duka ulikuwa wa chuma, wa kushusha kutoka juu, na ndoano yake ilikuwa imelegea, kwa hiyo mtu mmoja alishikilia juu huku mwingine akisafisha reli ya chini. Mimi nilishikilia. Mama alikuwa ameinama anatoa kokoto kwenye reli. Mikono iliniuma, nikahesabu kichwani kwamba ameshamaliza, nikaachia. Hakuwa amemaliza. Sikusahau siku ile kama watu wanavyosahau. Niliiweka mahali, nikaweka na vitu juu yake. Na sasa nilikuwa nimechora mkono wa mama, nimeubandika ukutani na kula wali nikiutazama, bila hata mara moja kujiuliza kidole kiko wapi.

Niliwasha tena kamera. Nikamwambia. Nilisema yote, kwamba mimi ndiye niliyeachia mlango, kwamba sikuwahi kuomba msamaha sawasawa, kwamba jedwali lote ni bure, kwamba asiende Mwanza kwanza.

Aliniacha nimalize. Nyuma yake yule mteja alikuwa amechagua shuka la bluu na ameliweka begani.

"Ndoano ndiyo iliyoachia," mama alisema. "Baba yako aliahidi kuitengeneza mwaka mzima. Wewe ulikuwa na miaka kumi na nne na mikono kama vijiti. Ulitaka mlango ukae juu kwa maombi?" Kisha akamwambia mteja bei. Kisha akanirudia. "Hizi sabuni zinatoa povu?"

"Zinatoa."

"Basi sitazitupa."

Kwa wiki kadhaa hakutaja bastola, nami sikuthubutu. Nilirudi Zhongda na marobota yangu. Nilijaribu kuchonga mipini mipya kwa kukisia kidole kile, nikashindwa, maana hakuna mtu anayeweza kuchonga kidole asichokiona. Mama alikuwa akifua. Aliniambia baadaye kwamba namba 1 iliisha haraka, ilikuwa ndogo. Namba 3 alimpa dada wa jirani. Namba 2, ule mwembamba mrefu, alibaki nao yeye mwenyewe, akaufulia mashuka ya sampo dukani na nguo zake za kanisani, kwa mkono wa kulia, kila siku, akiushika kama mpini kwa sababu ndivyo ulivyokaa. Sabuni ya kufulia haibishani. Ilipungua pale mkono ulipobana na ikabaki pale mkono haukufika. Siku moja aliinyanyua kwenye beseni akaona vidole vyake vinne vimejichimbia vitanda vyao, na cha tano, kile cha shahada, kimejichorea njia fupi pembeni, inayoishia pale kinapoishia.

Akaikausha dirishani. Akaifunga kwenye leso. Akapanda basi la Mwanza bila kunijulisha.

Haya yaliyofuata nayajua kwa mdomo wake, na amenisimulia mara nyingi kiasi kwamba ni kama nami nilikuwepo. Muuzaji alikuwa mzee mstaafu wa jeshi, mwenye sauti ya chini. Alikagua kibali, akasoma kila mstari, akakisoma tena. Ndipo mama alipofungua leso juu ya kaunta.

"Mama," mzee alisema, "hapa hatufui."

"Najua. Huo ni mkono wangu. Nitafutie mwenzake."

Mzee aliichukua sabuni akaigeuzageuza. Hakucheka. Alimwomba aishike, apate kuona kidole kinavyokaa. Kisha akatandika kitambaa cha kijani, akaleta bastola tatu, moja baada ya nyingine, kila moja akiifungua na kumwonyesha mama kwamba haina risasi, kisha akamtaka na yeye athibitishe kwa macho yake na kwa kidole, kabla ya kumkabidhi.

Ya kwanza ilikuwa ndogo kabisa, ile ya jedwali langu. Mama alisema ilikuwa nzuri kama kiberiti cha gesi. "Hii itakupiga teke kama punda," mzee alimwambia, "na hicho kidole cha mwisho kitakuwa mtazamaji." Ya pili ilikuwa nene, mama aliishika kama anayeshika mguu wa mtu. Ya tatu ilikuwa nyembamba, ndefu kidogo kuliko ya kwanza, ya safu moja ya risasi, na triga yake imekaa karibu zaidi na mpini. Aliishika, na kidole cha shahada kikafika kwenye triga pasipo kuvutwa na mtu.

"Fumba macho," mzee alimwambia. "Elekeza kwenye kile kibao ukutani. Sasa fumbua."

Mtutu ulikuwa unatazama kibao.

"Mara ya pili."

Ukatazama kibao tena.

Alimwonyesha na jinsi ya kuvuta ile sehemu ya juu, ambayo mama hakuiweza alipovuta kwa vidole. Mzee alimwambia asivute. Aishike kwa kiganja kizima karibu na kifua, kisha asukume mpini mbele kama anayesukuma mlango. Milango mama anaijua. Ikafunguka.

Kwenye jedwali langu bastola ile ilikuwa ya nne. Kijani chepesi.

Ameshafanya mazoezi kwenye uwanja wa shabaha mara tatu, mwalimu akiwa pembeni. Anasema mlio ni kama bati linalopigwa jiwe karibu na sikio, na kwamba kufikia mara ya tatu alishauzoea. Siku za kawaida inakaa kwenye kasha la chuma lenye funguo mbili. Hajaitoa kwa sababu ya mtu yeyote, na mimi naomba asiitoe kamwe. Lakini analala. Nikimpigia saa tatu za usiku za kwao hapokei, na kesho yake ananiambia kwa fahari ya mtoto, "Nilikuwa nimelala."

Juzi nilimuuliza ile sabuni iko wapi. Akasema ameimaliza.

"Umeimaliza vipi? Ile ndiyo sampo!"

"Shati la mzee wa kanisa lilikuwa na doa. Ulitaka nifanyeje?"

Nilikasirika kwa dakika nzima. Mimi bado nina mitatu yangu, mapacha ya ile, imepangwa dirishani hapa Guangzhou, kona zake kali, namba zake zinasomeka, haijawahi kuguswa na tone la maji. Jumapili iliyopita nilirudi kutoka ibadani na blauzi nyeupe yenye tone la mchuzi. Nilisimama mbele ya dirisha muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikachukua namba 2, nikaenda nayo kwenye sinki, nikafungua bomba.

Ina povu zuri.